Pori Lisilo Tupu: Ukonongo katika Filamu ya Stanley and Livingstone (1939) na katika Msamiati wa Misafara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna nchi ya Ukonongo, ambamo mji wa Inyonga upo leo, inavyofichwa na filamu ya Stanley and Livingstone iliyotolewa mwaka 1939. Filamu hiyo inasimulia msafara wa 1871–1872 uliotokana na swali la mto: chimbuko la Nile liko wapi? Kwa kulinganisha filamu na maandishi ya wasafiri wenyewe, pamoja na msamiati wa Kiswahili uliotawala misafara ya karne ya 19, makala yanaonesha kwamba sehemu ya safari ambayo filamu inaichukulia kuwa pori tupu ilikuwa nchi yenye vijiji, vita, habari na watu wenye kauli. Makala yanahoji zaidi kuwa pori lililopigwa picha katika miaka ya 1930 lilikuwa zao la historia ya karibu, na kwamba mabadiliko ya maana ya neno pori yanabeba sehemu ya historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Mji wa Inyonga ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Umezungukwa na misitu ya miombo, na jina lake hutajwa zaidi kwa asali. Wenyeji wake wa tangu zamani ni Wakonongo, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kinyamwezi. Katika vitabu vya historia vinavyosomwa shuleni, Ukonongo haupewi nafasi kubwa. Mwanafunzi hujifunza Tabora na Ujiji, na kati ya miji hiyo miwili huona mstari uliochorwa kwenye ramani.

Hata hivyo, mara mbili katika muda wa miezi michache, Septemba 1871 hadi Februari 1872, mstari huo haukupita mahali pake pa kawaida. Njia kuu ya misafara ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo, na Henry Morton Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ili afike Ujiji alikokuwa David Livingstone. Wakati wa kurudi, Stanley na Livingstone walipita tena nchi hiyo. Kwa sababu hiyo Ukonongo una nafasi katika mojawapo ya safari zilizosimuliwa zaidi duniani, ingawa nafasi hiyo haionekani kwa mtu aliyeijua safari hiyo kwa njia ya sinema.

Makala haya hayana lengo la kuorodhesha makosa ya filamu. Filamu ya kubuni ina haki ya kupanga upya matukio. Swali letu ni la kihistoria na la kiisimu: ni kitu gani kinachopotea pale nchi yenye watu inapogeuzwa kuwa mandhari, na je, Kiswahili cha misafara kinaweza kutusaidia kukirejesha?

2.0 Filamu yenye Magharibi Mbili

Stanley and Livingstone ilitengenezwa na kampuni ya 20th Century-Fox na kuongozwa na Henry King. Spencer Tracy aliigiza nafasi ya Stanley, na Cedric Hardwicke nafasi ya Livingstone. Hadithi haianzii Zanzibar wala London. Inaanzia Magharibi ya Marekani, katika nchi ya Wahindi Wekundu, ambako Stanley ni mwandishi wa habari asiyeogopa hatari. Anapotumwa Afrika na mwenye gazeti la New York Herald, anafuatana na Jeff Slocum, mwongoza njia wa mipakani aliyeigizwa na Walter Brennan. Slocum ni mhusika wa kubuni. Ni mtu wa filamu za kauboi aliyehamishiwa nchi nyingine pamoja na lafudhi na mizaha yake.

Uteuzi huu una maana kubwa kuliko burudani. Katika filamu za kauboi, Magharibi ya Marekani ni ukingo wa ustaarabu: ng'ambo ya ukingo huo kuna nyika, na wenyeji wake ni sehemu ya hatari za nyika. Kwa kumpeleka Slocum Afrika, filamu inaifanya magharibi ya Tanzania ya leo kuwa mwendelezo wa Magharibi ile ya kwanza. Mtazamaji wa Marekani hahitaji kuelezwa nchi ile ni ya nani, kwa kuwa sura yake ameshaizoea.

Namna picha zilivyopatikana iliimarisha hali hiyo. Kikosi cha pili cha wapiga picha, kikiongozwa na Otto Brower, kilisafiri Kenya, Uganda na Tanganyika kuchukua picha za nyika, wanyama na misafara ya wapagazi. Tracy na waigizaji wenzake wakuu walibaki Marekani. Mandhari yalipigwa mahali pamoja, nyuso na maneno mahali pengine, kisha vikaunganishwa. Waafrika wa filamu hii wengi wao wamo upande wa mandhari. Mazungumzo yenye uzito yamo mikononi mwa wahusika wa Kizungu, na onesho linalokumbukwa zaidi la Waafrika wakitoa sauti ni lile wanapoimba wimbo wa dini wa Kiingereza huku Livingstone akiwaongoza.

3.0 Njia ya Ukonongo, 1871–1872

Tukigeukia kitabu cha Stanley mwenyewe, How I Found Livingstone, kilichochapishwa mwaka 1872, tunakutana na safari tofauti. Kitabu hicho hakiwezi kuaminiwa kwa kila neno. Stanley alijikweza, alisifu viboko vyake, na tarehe zake zina utata: anasema alikutana na Livingstone Novemba 10, 1871, ilhali watafiti wamebaini kuwa hesabu za siku za wasafiri wote wawili zilikuwa zimeteleza. Pamoja na dosari hizo, kitabu kinaacha ushahidi ambao mwandishi wake hakuukusudia.

Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akiwa na Wazungu wawili, William Farquhar na John Shaw. Farquhar aliachwa njiani akiwa mgonjwa, akafa. Shaw alirudishwa Kwihara siku chache baada ya msafara kuondoka Unyanyembe mwezi Septemba. Naye alifia huko. Matokeo yake ni kwamba, msafara ulipoingia Ukonongo, Mzungu alikuwa mmoja tu. Mahali ambapo filamu inamweka Slocum, historia inawaweka Sidi Mubarak Bombay, Mabruki Speke, mfasiri Selim aliyetoka Jerusalem, kijana Kalulu, kirangozi Asmani, na waungwana na wapagazi wengine.

Hawa hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo na kuishi India kabla ya kurudi Zanzibar, alikuwa amefuatana na Burton na Speke mwaka 1857, kisha na Speke na Grant mwaka 1860. Baadaye angevuka bara zima pamoja na Verney Lovett Cameron. Kwa kipimo cha safari alizozifanya, Stanley wa mwaka 1871 alikuwa mwanafunzi mbele ya Bombay.

Tukio lililotokea karibu na mto Gombe, mwanzoni mwa Oktoba 1871, linaonesha jinsi mamlaka yalivyogawanyika. Watu wa msafara walitaka kupumzika zaidi mahali penye nyama na maji; Stanley alitaka kuondoka. Mizigo ilitupwa chini, bunduki zikaelekezwa, na Asmani alikuwa miongoni mwa walioshika silaha. Kwa mujibu wa Stanley mwenyewe, aliyeingilia kati na kuuzima ugomvi ni Mabruki Speke. Stanley anausimulia mkasa huo kama ushindi wa ujasiri wake. Msomaji wa leo anaweza kuusoma kama mgogoro wa kazi: watu waliojua thamani ya maji na mapumziko walipinga ratiba ya mtu asiyeijua nchi, na usuluhishi ukapatikana kwa heshima ya mwenzao. Bila usuluhishi huo msafara ungekomea hapo.

Baada ya Gombe, msafara ulipita kijiji baada ya kijiji. Stanley anawataja wakuu wa nchi, anaeleza vijiji vilivyozungushiwa maboma, na anaandika habari za vita kati ya Mbogo, mtawala katika Ukonongo, na ndugu wa Manwa Sera, mtemi aliyekuwa amepinduliwa Unyanyembe. Habari hizo ziliathiri uamuzi wa njia ipi ifuatwe. Nchi tupu haina vita vya urithi, wala haina wajumbe wanaosubiri salama ya njia. Kwa hiyo hata hofu zilizomo katika kitabu zinathibitisha kuwapo kwa siasa, mawasiliano na makazi.

Katika safari ya kurudi kuna tukio ambalo mtu wa Inyonga atalielewa haraka kuliko mtu wa Hollywood. Januari 27, 1872, katika nchi hiyohiyo ya mashariki ya Mpokwa, kundi la nyuki lilimshambulia Livingstone na punda wake. Livingstone ameliandika tukio hilo katika shajara yake, na Stanley katika kitabu chake. Mzee huyo aliumwa vibaya kichwani na usoni. Adui aliyemwangusha msafiri mashuhuri katika miombo ya Ukonongo hakuwa simba wala mkuki, bali mdudu ambaye wenyeji wa nchi hiyo walijua kumfuga katika mizinga ya magome na kumvuna kwa moshi.

4.0 Msamiati wa Msafara

Stanley hakuongoza msafara wake kwa Kiingereza. Lugha ya amri, ya ugomvi na ya suluhu ilikuwa Kiswahili, na alama zake zimebaki katika maandishi ya Kiingereza ya wakati huo kama mawe ya mpaka. Maneno manne yanatosha kuonesha jambo hilo.

Kwanza ni kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi, akijua visima, vivuko na adabu za kuingia katika miji ya watemi. Slocum wa filamu ni kivuli cha kirangozi kilichovishwa kofia ya kauboi. Kwa kumweka yeye, filamu inaondoa wazo kwamba maarifa ya njia yalikuwa ya Waafrika.

Pili ni terekeza. Neno hili lilitumika kwa mwendo wa alasiri wa kuvuka sehemu isiyo na maji: watu walipika mapema, waliondoka baada ya adhuhuri, walilala njiani bila maji, na kufika kisimani asubuhi. Neno moja linabeba ujuzi wa miili, majira na ardhi. Yeyote aliyetumia neno hilo alijua umbali wa maji kabla ya kuondoka.

Tatu ni hongo. Leo neno hili lina maana ya rushwa. Katika karne ya 19 lilikuwa ushuru uliolipwa kwa mtawala ili kuruhusiwa kupita katika nchi yake. Stanley alilalamikia hongo kwa uchungu, hasa alipofika Uha, mpaka akaamua kuwapitisha watu wake usiku kwa siri. Malalamiko hayo yanakiri kuwapo kwa enzi: ushuru hutozwa penye mwenye nchi. Mporomoko wa maana ya hongo, kutoka haki ya mtawala hadi kosa la jinai, unakwenda sambamba na kuporomoka kwa utawala wa watemi wenyewe.

Nne, na muhimu kuliko yote, ni pori. Katika usemi wa misafara, pori lilikuwa nafasi kati ya makazi na makazi, na lilihesabiwa kwa siku za kutembea. Lilikuwa na mwanzo na mwisho, na pande zake zote mbili palikuwa na watu. Hata eneo lililoogopwa zaidi katika njia kuu, kati ya Ugogo na Unyanyembe, liliitwa Mgunda Mkali, na mgunda katika lugha za huko ni shamba. Burton alilieleza eneo hilo kuwa la kutisha alipolivuka mwaka 1857. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta Wakimbu wamefyeka na kulima sehemu zake. Miaka 14 ilitosha kulibadilisha pori kuwa shamba, jambo linaloonesha kuwa pori lilikuwa hali ya muda iliyotegemea amani, maji na nguvu kazi.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, maandishi ya wasafiri wa Pwani yanaongeza uzito wa hoja hii. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902–1903, na habari za safari zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), zinaisawiri bara kama mtandao wa watu: nani anatawala wapi, nani ana deni kwa nani, njia ipi imefungwa. Mandhari hutajwa kwa uchache. Filamu imefanya kinyume chake, ikapanua mandhari na kupunguza watu.

5.0 Mto Uliokuwa Chini ya Miguu Yao

Msafara huu ulihusu mto, ingawa ulitembea nchi kavu. Livingstone aliamini kwamba Lualaba, mto aliouona Nyangwe mwaka 1871, ndio mwanzo wa Nile. Yeye na Stanley walipanda mashua hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakahakikisha kuwa mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Imani kuhusu Lualaba ilibaki. Agosti 1872 Livingstone aliondoka Unyanyembe kuelekea kusini kuitafuta tena. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, na Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake kupitia Unyanyembe hadi Pwani.

Jibu la swali lake lilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Maji ya mto Ugalla, unaopita kaskazini mwa nchi ya Inyonga, huingia Malagarasi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa humwaga maji yake kwa mto Lukuga, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874. Na Lukuga huingia Lualaba, ambao ni Kongo. Walipovuka vijito vya bonde la Ugalla wakibishana kuhusu Nile, Stanley na Livingstone walikuwa tayari wanatembea juu ya maji ya mto Kongo.

Stanley alilithibitisha jambo hilo mwaka 1876–1877, alipoufuata Lualaba hadi bahari ya Atlantiki. Sehemu ya mwanzo ya safari hiyo ilitegemea ulinzi wa Tippu Tip, na hapa tuna bahati ya kuwa na shahidi wa Kiswahili. Wawili hao hawakubaliani hata kuhusu ujira: Stanley anataja dola 5,000, Tippu Tip anataja 7,000, na analalamika kwamba ahadi alizopewa hazikutimizwa. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwa mwanahistoria. Penye masimulizi mawili, shujaa wa upande mmoja huwa mdeni wa upande wa pili. Kalulu, kijana aliyepita Ukonongo mwaka 1871, hakupata nafasi ya kusimulia: alizama katika maporomoko ya Kongo Machi 1877, na maporomoko hayo Stanley akayapa jina lake.

6.0 Jinsi Pori Lilivyotengenezwa

Inaweza kudaiwa kwamba kamera haidanganyi: wapiga picha wa Brower walikuta nyika, wakaipiga picha. Dai hilo linasahau miaka zaidi ya 60 iliyopita kati ya msafara na filamu. Katika kipindi hicho magharibi ya Tanganyika ilipatwa na mapigo yaliyofuatana. Biashara ya pembe na watumwa pamoja na vita vya watemi viliwatawanya watu. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe na wanyama wa porini. Vita vya kwanza vya dunia vilichukua wapagazi na chakula, na Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Vichaka vilirudi mashambani, na mbung'o walifuata vichaka.

Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ilikabili malale katika magharibi ya nchi kwa kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Hatua hiyo iliokoa maisha, na wakati huohuo iliacha nyuma ardhi zisizo na wakazi. Helge Kjekshus (1977) amehoji kwamba kupotea kwa uwezo wa jamii kuyatawala mazingira yake kulitokana na mapigo hayo ya kikoloni. Baadhi ya wanahistoria wameona kuwa alikoleza mno picha ya neema ya kabla ya ukoloni, na ushahidi wa vita vya Ukonongo mwaka 1871 unawapa haki kwa kiasi. Lakini hoja yake kuu inabaki: pori la miaka ya 1930 lina tarehe ya kuzaliwa.

Hapo ndipo filamu inapoingia katika historia kwa namna ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia. Ilichukua mandhari yaliyotokana na miongo ya maafa na ikayatumia kama sura ya Afrika kabla ya kuja kwa Stanley. Matokeo yakawekwa mahali pa chanzo.

Neno pori nalo lilibadilika katika kipindi hichohicho. Kutoka nafasi kati ya vijiji, limekuwa pia istilahi ya kisheria: pori la akiba, eneo lenye mipaka, vibali na adhabu. Katika Mlele ya leo, iliyopakana na maeneo ya hifadhi, mfugaji nyuki anayetundika mzinga mahali alipotundika babu yake anaweza kuhitaji kibali cha kufika huko. Uhifadhi una sababu zake, na misitu ya Katavi ni amana ya taifa. Hata hivyo, mjadala kuhusu nani aingie msituni hauwezi kuwa wa haki iwapo unaanza na dhana kwamba msitu huo haujawahi kuwa na wenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Ukonongo wa mwaka 1871 ulikuwa nchi ya maboma, wajumbe, vita na mizinga ya nyuki, na kwamba msafara ulioupita uliendeshwa kwa Kiswahili na watu waliokuwa na uzoefu kuliko kiongozi wao. Filamu ya 1939 iliubadilisha ukweli huo kwa njia tatu: ilimweka kauboi mahali pa kirangozi, iliyatenga mandhari na maneno, na ililichukua pori la wakati wake kuwa pori la tangu azali.

Kwa upande wa ufundishaji, filamu kama hii inafaa kutazamwa darasani sambamba na Maisha ya Tippu Tip, ili wanafunzi walinganishe nani anapewa jina, nani anasema, na kwa lugha gani. Kwa upande wa utafiti, kazi iliyo mbele yetu ni ya kileksika na ya kihistoria kwa pamoja: kukusanya kutoka kwa wazee wa Inyonga na vijiji vya jirani majina ya mahame, visima, vivuko na vituo vya kurina asali, pamoja na maana za pori katika Kikonongo na Kiswahili chao. Kila hame lenye jina ni ushahidi wa makazi. Majina hayo hayakupigwa picha mwaka 1939, na wanaoyakumbuka wanapungua mwaka hadi mwaka.